Bima ya Vyombo vya Kukodi: Mapengo Yampasayo Askari Kuyajua



Barabara kuu itokayo Vurra, mpakani mwa Kongo, ikapita katika mji wa Arua, ikaendelea hadi Koboko na kuishia Oraba, mpakani mwa Sudan Kusini, ina urefu wa kilomita 92, na yote imetiwa lami. Zamani safari ya Arua kwenda Koboko ilikuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na ya matope wakati wa masika. Leo mtu aweza kunywa chai Arua, akala chakula cha mchana Koboko, akarejea nyumbani kabla ya jua kutua. Lami imeleta biashara. Imeleta pia mwendo wa kasi, na pamoja na mwendo wa kasi zimekuja ajali.

Katika barabara hiyo viko vyombo vya aina mbili ambavyo wananchi huvitegemea mno. Cha kwanza ni pikipiki ya bodaboda. Cha pili ni gari dogo la kukodi, ambalo wenyeji huliita spesho. Mtu hupiga simu, dereva akaja mpaka mlangoni, wakapatana nauli, safari ikaanza. Mgonjwa hupelekwa hospitali usiku kwa spesho. Mwalimu huenda shuleni kwa bodaboda. Mfanyakazi wa shirika la misaada hukodi gari la kumpeleka katika makazi ya wakimbizi ya Lobule au Rhino Camp. Na askari apatapo likizo, mara nyingi hutoka kambini akiwa amepakiwa nyuma ya pikipiki, begi lake likiwa mapajani.

Liko jambo lingine limhusulo askari, nalo ndilo hasa lililotufanya tuchague mada hii leo. Wamo askari wa jeshi na wa polisi ambao ndio wenye vyombo hivyo. Koplo au konstebo huchukua mkopo katika chama cha akiba, kama kile cha Wazalendo cha wanajeshi au cha Exodus cha polisi, akanunua pikipiki, akamkabidhi kijana aiendeshe na kumletea fedha kila jioni. Ni shughuli ya halali, nayo humsaidia mtu kusomesha watoto na kujenga nyumba. Lakini siku ya ajali huulizwa swali ambalo siku ya kununua halikuulizwa, nalo ni hili: bima ya chombo hiki inalinda kazi gani?

Tuanze na msingi wa jambo lenyewe. Sheria ya Uganda ya mwaka 1989 juu ya bima ya magari humtaka kila mwenye chombo cha moto kitumiacho barabara awe na bima ya mtu wa tatu, ile ambayo hapa kwetu huitwa thadi pati. Wazo hilo lina umri mkubwa zaidi ya sheria yenyewe. Uingereza iliifanya bima hiyo kuwa ya lazima mwaka 1930, baada ya kuonekana kwamba watu waliogongwa na magari walishinda kesi zao mahakamani, kisha wakakuta kwamba aliyewagonga hana mali ya kuwalipa. Nchi za Afrika Mashariki zilizokuwa chini ya Uingereza zikaja kuufuata mwendo huo.

Mtu wa kwanza katika bima ni yule anayeikata. Mtu wa pili ni kampuni inayopokea ada na kutoa ahadi. Mtu wa tatu ni yule asiyekuwamo katika mapatano yao, bali akaumizwa na chombo: mama aliyekuwa akivuka barabara kwenda sokoni, au mtoto aliyekuwa akitoka shule. Kwa hiyo bima hii iliwekwa kwa ajili ya mtu wa nje. Pikipiki ikivunjika, thadi pati hailipii pikipiki. Ikiibiwa, hailipi. Dereva akianguka kwa kosa lake mwenyewe akavunjika mguu, thadi pati haimgharimii matibabu. Mwenye kutaka mambo hayo yalindwe sharti akate bima kubwa kwa chombo, na bima ya ajali za mwili kwa ajili ya dereva. Wengi hawajui tofauti hiyo. Huiona stika, wakadhani kwamba wamekwisha kulindwa kwa kila jambo.

Hili ni jambo la kwanza la kufahamu. Baada yake yako mapengo manne, ambayo tungependa kuyaeleza moja baada ya jingine.

Pengo la kwanza ni la matumizi. Hati ya bima haitaji namba ya chombo na tarehe ya kwisha tu. Inataja pia kazi ambayo chombo kimeruhusiwa kufanya. Gari la binafsi hukatiwa bima ya gari la binafsi: kumpeleka mwenyewe kazini, familia yake kanisani au msikitini, na mambo yake ya kawaida. Gari la kubeba abiria kwa malipo hukatiwa bima ya namna nyingine, na ada yake huwa kubwa zaidi. Sababu yake si tamaa ya kampuni peke yake. Gari la nyumbani laweza kutembea mara mbili kwa siku na kulala saa kumi na mbili. Gari la spesho hutembea tangu alfajiri hadi usiku wa manane, likibeba watu wengi na kuendeshwa na dereva aliyechoka. Hatari yake ni kubwa zaidi, na kampuni hupima ada yake kwa kuitazama hatari hiyo.

Tuchukue mfano. Ofisa mmoja amenunua gari dogo kwa ajili ya familia yake, akalikatia bima ya gari la binafsi. Miezi mitatu baadaye anapelekwa kazini mbali na Arua. Gari linakaa bure uani. Ndugu yake anamwambia, "Kaka, nipe hili gari nilifanyie spesho ya Koboko, mafuta nitatia mimi, na wewe utapata chochote." Ofisa anakubali. Gari ni lile lile, namba ni ile ile, na stika iko pale pale kiooni. Kilichobadilika ni kazi. Siku moja, karibu na Koboko, gari linapinduka likiwa na abiria wanne. Mtu wa kampuni ya bima anapokuja kufanya uchunguzi, swali lake kwa majeruhi ni moja tu: "Je, mlilipa nauli?"

Katika swali hilo ndipo pengo linapoonekana. Wakijibu kweli, kampuni itasema kwamba gari lilitumika kinyume cha mapatano, na kwamba yenyewe haikupokea ada kwa kazi hiyo. Wakisema uongo kwamba wao ni jamaa wa dereva waliosaidiwa usafiri tu, wanatenda kosa la udanganyifu, na askari polisi anayeandika maelezo yao anatiwa katika udanganyifu huo akijua au asijue. Tumepata kusikia madereva wakiwafundisha abiria maneno ya kusema kabla ya safari kuanza. Abiria anayefundishwa hivyo na ajue kwamba amepanda chombo ambacho mwenyewe anafahamu kuwa hakina bima ya kumfaa.

Pengo hili si la Arua na Koboko peke yake. Katika miji mikubwa ya dunia zimezuka kampuni zinazowaunganisha abiria na wenye magari kwa njia ya programu za simu. Kampuni ya Uber iliingia Kampala mwaka 2016, na kabla yake, mwaka 2014, SafeBoda ilikuwa imekwisha kuanzishwa huko kwa ajili ya pikipiki. Huko Marekani, katika mji wa San Francisco, usiku wa tarehe 31 Desemba 2013, dereva aliyekuwa akifanya kazi kwa njia ya Uber alimgonga na kumwua msichana wa miaka sita aliyekuwa akivuka barabara pamoja na mama yake. Dereva alikuwa hana abiria ndani ya gari. Alikuwa akizunguka na kungoja kuitwa. Kampuni ikasema kwamba wakati ule hakuwa akimhudumia abiria wake yeyote. Basi ikawa kitendawili: bima ya binafsi huikataa kazi ya malipo, na kampuni nayo inasema kazi ilikuwa haijaanza. Kati ya ukuta huu na ule palikuwa na mtoto aliyekufa.

Jimbo la California lilitunga sheria mwaka 2014, nayo ikaanza kutumika mwezi Julai 2015. Sheria hiyo iliigawa kazi ya dereva katika vipindi vitatu: anapongoja kuitwa, anapokwenda kumchukua abiria, na anapokuwa na abiria ndani ya gari. Kwa kila kipindi ikataja bima ya lazima. Tangu dereva anapokubali safari mpaka abiria anaposhuka, kiwango kilichowekwa ni dola milioni moja.

Sisi tunaweza kujifunza nini hapo? Huku kwetu kazi hiyo hufanywa kwa mazungumzo ya simu. Kijana wa bodaboda yuko kituoni, simu inalia, anaondoka mbio kumfuata mteja. Akimgonga mtu njiani kabla hajamfikia mteja, je, alikuwa kazini? Mwenye pikipiki iliyokatiwa bima ya kazi ya abiria hana haja ya kuhangaika kujibu, kwa sababu bima yake inaihesabu pikipiki kuwa ya biashara akiwa na abiria au asiwe naye. Mwenye pikipiki iliyoandikwa kuwa ya matumizi binafsi atabishana mahakamani, na mabishano hayo yatachukua miaka.

Pengo la pili ni la watu. Sheria nyingi za bima zenye asili ya Kiingereza hazimlazimishi mwenye gari la binafsi kuwakatia bima wale aliowapakia. Huwalazimisha wenye vyombo vinavyobeba watu kwa malipo. Sheria ya Kenya, Sura ya 405, imeandikwa waziwazi kwa namna hiyo. Kwa hiyo askari anayepanda spesho asidhani kwamba kwa kuwa ameona stika basi na yeye ni mtu wa tatu. Na mwenye pikipiki, anapokata bima, aulize kwa maneno yaliyo wazi: "Abiria wangu yumo au hayumo?" Jibu lake alipate kwa maandishi. Naye dereva, kama tulivyokwisha kusema, mara nyingi hayumo kabisa. Kijana huyu ndiye anayekaa juani na mvuani kutwa nzima, na ndiye wa kwanza kuumia. Mwenye pikipiki aliye mwungwana hana budi kufikiri ni nani atakayemlea kijana huyo akivunjika akiwa katika kumtafutia yeye fedha.

Pengo la tatu ni la kiwango. Hata pale ambapo bima ni halali na kazi ni ile iliyoandikwa, kampuni hailipi bila mwisho. Chini ya sheria ya Uganda ya mwaka 1989, kiwango cha juu cha fidia kwa mtu mmoja kimekuwa kwa miaka mingi shilingi milioni moja. Thamani ya shilingi imeshuka sana tangu mwaka huo. Milioni moja siku hizi haifiki dola mia tatu za Marekani. Kenya, katika Sura ile ile ya 405, imeweka kikomo cha shilingi milioni tatu za Kenya kwa dai moja, na kila mfanyabiashara wa mpakani anajua kwamba shilingi moja ya Kenya hubadilishwa kwa zaidi ya shilingi ishirini za Uganda. Mtu aliyevunjika mfupa wa paja, akahitaji kupasuliwa na kutiwa chuma, kisha akakaa miezi kadhaa bila kulima wala kuuza, hasara yake haiwezi kufidiwa kwa milioni moja.

Fedha inayozidi hulipwa na nani? Hili ndilo jambo ambalo askari mwenye pikipiki angepaswa kulitafakari sana. Mahakama ikiona kwamba dereva alikuwa akiendesha kwa kazi na kwa faida ya mwenye chombo, yaweza kumhukumu mwenye chombo alipe, hata kama siku ya ajali alikuwa lindo umbali wa kilomita mia tano. Kijana hana kitu cha kukamatwa. Askari ana mshahara unaojulikana, ana kiwanja, ana akiba katika chama. Mkono wa mdai utaelekea kwake. Pikipiki aliyoinunua ili imjengee nyumba yaweza kuwa sababu ya kuiuza nyumba. Ndiyo maana zipo bima za kuongeza juu ya ile ya lazima, na mwenye chombo cha biashara anafaa kuuliza bei yake kabla ya kusema kwamba hana uwezo.

Pengo la nne ni la mpaka. Wakakwa wanaishi katika nchi tatu. Mtu wa Koboko ana shangazi Yei na mjomba Ingbokolo, na msiba ukitokea upande wowote jamaa hukodi gari wakavuka. Dereva akivuka Vurra au Oraba anabadilisha upande wa barabara, kwa maana Uganda tunapita kushoto, nao Kongo na Sudan Kusini wanapita kulia. Hilo analijua. Asilolijua ni kwamba bima yake ya lazima ya Uganda haikuandikwa kwa barabara za nchi nyingine. Kwa ajili hiyo nchi za eneo la biashara la mashariki na kusini mwa Afrika zilipatana mwaka 1986, na mwaka 1987 ikaanza kutumika Kadi ya Njano, ambayo sasa iko chini ya COMESA. Kadi hiyo huendeleza bima ya gari katika nchi zilizotajwa juu yake, na Kongo ni mojawapo ya nchi zilizojiunga. Mwenye gari akiikata, aisome orodha ya nchi zilizoandikwa. Na anayekwenda Kaya asiwashe gari mpaka kampuni yake imemwambia kama Sudan Kusini imo katika kadi aliyonayo, na kama haimo, ni bima gani imfaayo huko.

Ndugu msikilizaji, wako watakaosema kwamba haya yote ni maneno ya mjini, kwa kuwa kampuni za bima zina desturi ya kuchukua ada na kukataa kulipa. Malalamiko hayo hatuyapuuzi. Yako madai yanayocheleweshwa mpaka mdai anachoka. Hata hivyo, madai mengine hukataliwa kwa sababu ya mapengo haya haya tuliyoyaeleza, na mtu aliyeyaziba mapema huwa ameinyang'anya kampuni udhuru wake. Kwa yule aliyetimiza wajibu wake na bado akanyimwa haki, iko Mamlaka ya Kusimamia Bima ya Uganda, yenye idara ya kupokea malalamiko ya wananchi dhidi ya kampuni. Aende huko na hati zake.

Sasa askari afanye nini? Tunamtazama katika nafasi tatu.

Akiwa mwenye chombo, aitoe hati yake ya bima leo na kuisoma. Aangalie kama namba ya chombo ni sahihi, kama tarehe haijapita, na kama kazi iliyoandikwa ni ile inayofanywa kweli. Kama pikipiki au gari lilianza kuwa la nyumbani na sasa ni la biashara, aiarifu kampuni kwa maandishi na kulipa ada inayozidi. Aandikiane na dereva wake mapatano mafupi yanayosema nani anaendesha, kwa kazi gani, na mpaka wapi. Dereva asiye na leseni halali asipewe chombo hata kama ni mtoto wa ndugu.

Akiwa abiria, aitazame stika kabla ya kupanda, kama anavyoitazama silaha kabla ya kuipokea. Dereva akimwambia, "Tukiulizwa, useme wewe ni shemeji yangu," ashuke.

Akiwa mlinzi wa sheria barabarani, kazi yake isiishie kwenye tarehe ya stika. Gari lenye bima ya binafsi linalosimama kila kituo kupakia watu lina kosa hata kama stika yake ni mpya. Na ajali inapotokea, askari anayeandika taarifa ajue kwamba anaandika karatasi ambayo mjane au yatima ataitegemea kudai haki. Jina la kampuni ya bima, namba ya hati, namba ya chombo, jina la dereva, na kwamba abiria walilipa au hawakulipa: yote hayo yaandikwe siku ile ile, kwa ukweli, kabla stika haijabanduliwa kiooni na kabla watu hawajafundishwa la kusema. Taarifa yenye mapengo huzaa dai lenye mapengo.

Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wenyewe ni neno moja katika hati, lile linalotaja kazi ya chombo, na kulisahihisha hakuhitaji zaidi ya safari moja ya kwenda kwa wakala wa bima mjini Arua. Ukuta ni kitanda cha hospitali, kesi ya miaka mingi, na mshahara unaokatwa kila mwezi kwa ajili ya kosa la kijana aliyekuwa akikimbilia simu ya mteja.